Kofia Nne za Wakili Mwema

Jumapili, 31 Machi 1957

Jambo hili sijapata kumwambia mtu. Kila ninapobaki peke yangu nyumbani hukifungua kisanduku cha kanisa nikazitazama fedha. Sizihesabu. Najua ni ngapi. Shilingi sitini. Nazitazama tu, kisha nafunga, naurudisha ufunguo shingoni. Si wizi. Lakini nikisikia hatua za Mama uani, moyo hunienda mbio kama wa mwizi.

Nieleze, asije mtu akasoma vibaya. (Asisome mtu!) Wakristo wa mji huu hatuzidi kumi na mmoja, wote wageni, wengi wetu watu wa serikali. Baba ni dresa, mfunga vidonda, hospitalini. Kwetu ni Ngao, mtoni Tana. Koplo Mwakio wa polisi na jamaa zake ni Wataita. Twasali katika chumba cha kupanga nyuma ya soko. Kwa miaka miwili tumechanga fedha za mabati ya kanisa dogo, na Jumapili ya tarehe 5 Mei Mchungaji atakuja kutoka Ngao kuzichukua.

Mtunzaji wa kwanza alihamishwa Garissa, na shilingi tisa zikahamishwa naye. Januari Koplo Mwakio akasema safari hii awekwe mtu asiye na matumizi. Watu wote wakanigeukia mimi. Baba akasimama, yeye ambaye hasemi kanisani, akasema, "Ikipotea senti moja, nidaini mimi." Akaketi.

Eunike, binti wa koplo, alikitaka kisanduku yeye. Ana miaka kumi na minne, mimi kumi na mitano. Anajua kugawanya bila karatasi. Hajanisamehe.

Leo koplo ndiye aliyehubiri, juu ya uwakili. Mali si yetu, tumewekewa tu, tutaulizwa. Akamtaja yule mtumwa aliyezifukia ardhini fedha za bwana wake, na jinsi alivyokemewa. Jasho likanitoka. Kisanduku kilichofungwa juu ya kabati, si ndiko kufukia huko? Tofauti ni urefu tu kutoka sakafuni.

Nimefungua daftari jipya: KANUNI ZA WAKILI MWEMA. Kanuni ya kwanza: Wakili haligusi lisilo lake.

Jumanne, 2 Aprili

Saumu ya pili ya Ramadhani. Mchana mji kimya. Nikaona ndiyo saa nzuri ya kumwona Bwana Famau, mwenye duka la nguo, bila watu wengi kusikia.

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu tangu jana. Nikamwambia nina shilingi sitini za amana. Azitumie mwezi mmoja, anirudishie sitini na sita. Akaacha kukunja kitambaa. Akaniuliza taratibu kama najua mwezi huu ni mwezi gani, na kama najua jina la hicho ninachokitaka. Sikujua. Akanitajia: riba. Wazee wawili waliokuwa barazani wakageuka kunitazama. Bwana Famau akasema ananisamehe kwa heshima ya Baba, aliyemfunga mwanawe mkono ulipovunjika. Nikatoka nikapotea njia, katika mji niliokaa miaka sita.

Jamaludin, mwenzangu wa dawati, alikwisha kupata habari kabla sijafika kona ya pili. Akacheka mpaka akakumbuka kwamba amefunga. Kisha akanifunza. Fedha haizai fedha, asema. Fedha inunue kitu, kitu kiuzwe. Shangazi yake Bi Saadiya hushona kofia za viua. Anazo nne, vitundu vyote vimekwisha kutiwa sindano, kazi ya miezi. Aliyeziagiza ni mtu wa Pate, na mambo yamemharibikia. Zimebaki kukatwa na kuunganishwa. Atazitoa kwa shilingi kumi na tano kila moja. Wiki ya Idi kofia kama hiyo haishuki ishirini na tano.

Faida shilingi arobaini! Mchungaji angepokea mia moja badala ya sitini. Naona uso wa Baba. Naona uso wa Eunike.

Kanuni ya kwanza imerekebishwa: Wakili haligusi lisilo lake kwa manufaa yake mwenyewe. Nimepata nafuu.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda kwa Bi Saadiya peke yangu. Jamaludin alikuwa darsani. Sikuingia ndani, bila shaka. Nikaketi dakani, kwenye benchi la mawe mlangoni, na maneno yakawa yanachukuliwa na mjukuu wake, Hadia, mtoto wa miaka sita asiye na meno ya mbele.

Nikampa bahasha yenye shilingi sitini. Akakimbia. Akarudi na uzi mweupe, akaninyoshea.

"Bibi ataka kipimo cha kitwa," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kujibu juu ya bei. Nilikuwa nimejiandaa kujibu juu ya siku ya kuzichukua. Juu ya uzi sikuwa nimejiandaa. Watu wakipita njiani. Punda mmoja akasimama kabisa kunitazama. Nikauzungusha uzi kichwani pangu, nikafunga fundo, nikampa. Hadia akautazama uzi, akanitazama mimi, akautazama tena uzi. Akaingia. Ndani nikasikia mtu akicheka, na sauti ya mtu mzima ikisema Mungu amhifadhi. Nikaona ni dalili njema.

Kofia zitakuwa tayari tarehe 24.

Jumapili, 7 Aprili

Nilisahau jambo moja. Kila Jumapili kisanduku huwekwa mezani mbele ya watu. Hakifunguliwi, huonyeshwa tu, kwa ajili ya kumbukumbu ya mabati. Na Eunike ndiye hufuta meza.

Asubuhi nikakijaza simbi, kombe ndogo za pwani, nimezifunga kitambaani ili zisipige kelele. Uzito sawa. Nilipima kwa mikono miwili mara saba.

Eunike akakiinua kufuta chini yake. Akakitikisa. Akakiweka sikioni. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba fedha za kanisa zimeshikwa na mafua, hazisemi kama zamani. Nikamwambia ni mvua, mbao zimevuta maji. Akaniuliza mbao zipi, kisanduku hiki ni cha bati.

Sikuimba wimbo hata mmoja.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Nimesema uongo siku ya Pasaka. Naandika ili nisiukwepe.

Baada ya sala koplo akasema, kwa kuwa Mchungaji yu karibu, ingefaa tuzihesabu fedha leo, tuandike, watu wawili watie sahihi. Watu wakaitikia. Nikasimama. Nikasema ufunguo nimeuacha nyumbani. Uzi wa ufunguo ulikuwa ukinichoma shingoni kama kaa la moto. Eunike akaitazama shingo yangu. Alikuwa akisubiri.

Koplo akasema nyumbani si mbali, niende nikaulete. Yeye ni askari, si mtu mbaya. Ni kwamba kila jambo kwake ni ushahidi. Ndipo Baba akasema, "Mtoto wangu asema zitahesabiwa Mchungaji akija. Tungoje Mchungaji." Mimi sikuwa nimesema hivyo. Baba aliniongezea maneno mazuri kwa sababu aliniona nikitetemeka, akadhani ni haya zangu za siku zote.

Njiani akanishika bega. Akasema kazi ya wakili ina mashaka yake.

Siku kumi na nne. Kofia ziko njiani. Kila kitu kiko katika mpango.

Jumatano, 24 Aprili

Kofia nimezipata. Nzuri! Nyeupe, viua vimepangwa nyota ndani ya nyota, vitundu vidogo hata sindano ingeona haya. Nikazikumbatia njia nzima. Nikampelekea Jamaludin, nikamwambia avae moja tuone.

Akavaa. Ikashuka ikapita masikio. Ikasimama puani.

Akavaa ya pili. Puani. Ya tatu. Puani. Ya nne alikataa kuvaa. Akaniuliza nilimpa shangazi yake kipimo cha nani. Nikamwambia cha uzi. Akauliza, uzi ulikuwa wapi? Nikamwambia kichwani pangu, maana mtoto alisema kichwa. Jamaludin akafungua mdomo, hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Akasema muuzaji huagiza tofauti tofauti, mbili za watu wa kati, moja ya kijana, moja kubwa. Kila mtu ajua hivyo.

Mimi ningejuaje? Kwetu hatuvai kofia.

Nikajivisha moja. Ikakaa sawasawa, kama imezaliwa pale. Shuleni huniita Tikiti kwa sababu ya kichwa hiki. Sasa nina kofia nne za tikiti moja, na mji wote una vichwa vya kawaida.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimerudi kwa Bi Saadiya. Safari hii alikuja mwenyewe nyuma ya mlango. Sikumwona, nilimsikia. Nikaomba azipunguze. Nikaomba tena. Akasema:

"Mwanangu, mimi naliomba kipimo, wewe ukanipa kitwa chako mara nne. Nikasema huenda ni watu wa ukoo mmoja, wataka kwenda harusini. Kofia haipunguzwi kama kanzu. Ukiikata, nyota zakatika. Ni kuitatua uzi kwa uzi, na kuitatua ni wiki tatu."

Nikamkumbusha kwamba Idi imebaki siku tano au sita. Akasema yeye ndiye anayefunga, anaijua Idi ilipo. Akamtuma Hadia aniletee sahani ya vitumbua nifuturu navyo. Nikamwambia mimi sifungi. Akasema ajua, lakini uso wangu wafanana na mtu aliyefunga mwezi mzima bila daku.

Nimekula vyote. Aibu.

Ijumaa, 26 Aprili

Mpango mpya. Katika mji wa watu elfu kadhaa lazima kuwe na vichwa vikubwa vinne. Ni hesabu tu.

Baada ya sala ya Ijumaa nikasimama karibu na msikiti mkubwa na daftari langu, nikiandika. Wengi walikuwa na kofia tayari, ikawa vigumu kukadiria. Mzee mmoja akaniuliza naandika nini. Nikasema vichwa. Akaniuliza vya serikali? Nikakimbia.

Lakini nilimpata mmoja! Bwana Jeilani, fundi wa majahazi kutoka Matondoni, amekuja mjini kununua misumari. Kichwa kama pipa, Mungu ambariki. Nikamfuata mitaa mitatu kabla sijathubutu kusema. Akavaa. Ikamkaa. Akatabasamu kwa namna ya mtu aliyevaa kofia za kubana maisha yake yote. Akaniuliza bei.

Nilitaka kusema ishirini na tano. Mdomo ukasema ishirini. Hakuwa amesema neno bado, alikuwa akikohoa. Mimi nikadhani anakataa, nikasema kumi na sita. Akalipa upesi sana.

Kumi na sita. Zimebaki kofia tatu. Napungukiwa shilingi arobaini na nne. Siku tisa.

Kanuni ya tano, mpya: Wakili asitaje bei mwenzake anapokohoa.

Jumatatu, 29 Aprili

Leo jioni mji wote ulikuwa ufuoni na juu ya mapaa, ukitafuta mwezi. Ukionekana, Idi ni kesho, na biashara imekwisha. Usipoonekana, nina siku moja zaidi, na hiyo ndiyo siku ambayo waliochelewa hununua bila kuchagua.

Nilisimama katikati yao. Watoto wakinyosha vidole. Jamaludin akiomba uonekane, ameshonewa kanzu mpya. Mimi nikaomba mawingu. Niliomba kwa bidii, macho wazi, kando ya watu waliofunga siku ishirini na tisa. Wingu likaja, kubwa, jeusi, likakaa pale pale magharibi mpaka giza.

Watu wakarudi nyumbani wamenuna. Jamaludin akasema sijui nani kaleta wingu lile. Sijapata kujibiwa sala upesi namna ile, na sijui kama ni Mungu aliyejibu.

Jumanne, 30 Aprili

Sufi! Jibu lilikuwa ndani ya mto wangu wa kulalia. Nimeutoboa, nimetoa sufi, nimeishona kwa ndani ya kofia moja kuzunguka ukingo, na juu yake kitambaa. Kofia ikapungua. Nimejidunga mara kumi na moja. Kushona nilifunzwa na Mama, naye hasifiwi kwa kushona.

Nikaenda nayo Usita wa Mui, barabara kubwa ya maduka. Msongamano mkubwa. Bwana Muhdhar, mzee wa heshima, muuza ubani, kofia yake ya zamani imeliwa na panya usiku wa jana. Akavaa yangu. Akasema ni laini ajabu. Nikasema, "Ishirini," nikauma ulimi nisiendelee. Akatoa ishirini.

Shilingi thelathini na sita! Kesho nitazitia sufi zile mbili zilizobaki. Kuna watu huvaa kofia mpya hata siku ya pili ya Idi. Nahitaji ishirini, na nne za kumalizia. Napumua.

Jumatano, 1 Mei

Idi. Siwezi kuandika kwa mpangilio.

Jamaludin alikuwa safu ya nyuma yake, ameniambia yote. Rakaa ya kwanza, Bwana Muhdhar akasujudu, mshono ukaachia. Alipoinuka sufi ilimfuata. Rakaa ya pili ikatoka yote. Ikamkaa ndevuni, ikamkaa begani, ikapeperuka kwa majirani. Mtoto mmoja akapiga chafya ndani ya sala. Na kofia, ikiwa imerudi ukubwa wake, ikamfunika macho, akatoa salamu gizani.

Alikuja kwetu saa nne, na kanzu yake mpya ikiwa na manyoya kama kifaranga. Kwa bahati Baba alikuwa kazini. Bwana Muhdhar hakupaza sauti. Alisema tu kwamba ana miaka sitini na nane, na hajapata kuchekwa msikitini. Nikamrudishia ishirini zake. Akaziweka kofia na sufi iliyobaki mlangoni, taratibu, akanitakia Idi njema.

Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 3 Mei

Shilingi kumi na sita. Kofia tatu. Siku mbili.

Eunike amekuja akitumwa na mama yake kuleta unga. Mama alikuwa kisimani. Eunike akaweka unga chini, akanyosha mkono juu ya kabati, akakiteremsha kisanduku. "Fungua," akasema.

Nikafungua. Nilichoka. Akazitazama simbi. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimeuandaa uso wangu kwa furaha yake. Badala yake akakaa sakafuni, akaniuliza ziko wapi. Nikamwambia. Nilimaliza kila kitu, mpaka sufi, na hakucheka hata kwenye chafya.

Akasema baba yake alikwisha kuandika barua ya kuhesabu fedha, nakala mbili. Akasema, kisanduku kikifunguliwa Jumapili na kutoka simbi, baba yake hatalala nalo. Atakwenda kituoni kuandikisha, hata kama mwizi ni ndugu yake wa kanisa. Na atakayeandikishwa si mimi. Ni aliyesema nidaini mimi.

"Mwambie babako leo," akasema. "Ukimwambia kesho utakuwa umempunguzia siku."

Hoja hiyo ni ya kweli. Inaniuma kwamba ni yake.

Nikamwambia Baba alipokuwa akinawa. Sikuweza kumtazama, nikaisemesha birika. Akaendelea kunawa mikono muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Akauliza nani mwingine ajua. Nikasema Eunike. Akauliza ni ngapi zimepungua. Nikasema.

Akajifuta. Akasema, "Hukuziiba, Nathanaeli. Ulizipenda kuliko wenyewe. Sijui lipi ni baya zaidi."

Hakula.

Jumamosi, 4 Mei

Baba amekwenda na saa yake ya mkono kwa Bwana Famau. Aliipata kwa daktari Mzungu alipostaafu. Kwayo hupima mapigo ya wagonjwa. Mimi nilichukuliwa nikasimame pale nione. Bwana Famau akaipokea kwa vidole viwili. Akatoa shilingi arobaini na nne, akasema hainunui, anaiweka tu mpaka fedha zirudi, ziwe zimechelewa au hazikuchelewa. Kisha akanigeukia. Akasema zitarudi arobaini na nne, si arobaini na tano, nami najua kwa nini.

Baba karibu acheke. Karibu.

Jumapili, 5 Mei

Kisanduku kikafunguliwa. Koplo akahesabu mara mbili, midomo ikicheza. Sitini. Nakala mbili zikatiwa sahihi. Mchungaji akasimama akaniita mbele, akaweka mkono juu ya kichwa changu (ukatosha nusu yake tu), akawaambia watu wamtazame kijana aliyewekewa kidogo akawa mwaminifu. Watu wakapiga makofi. Eunike naye akapiga, polepole, akinitazama.

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo. Ukatoka mwanzo wa neno, Mchungaji akadhani nimezidiwa na furaha, akaanza wimbo.

Katikati ya wimbo Baba akaangalia mkono wake kutazama saa. Hakuna saa. Koplo akaona, akamwuliza imekwenda wapi. Baba akasema iko kwa Bwana Famau. Koplo akauliza imeharibika? Baba akasema hapana, haijaharibika.

Baada ya watu kutawanyika, Baba akamchukua Mchungaji pembeni, akamweleza yote. Sikusikia maneno. Nilimwona Mchungaji akivua miwani, akiivaa, akiivua. Kisha akaja akaomba ufunguo. Akampa Eunike pamoja na shilingi kumi za kuanzia mchango mpya. Eunike akasema anaupokea kwa unyenyekevu. Sijaona unyenyekevu wenye meno mengi kiasi kile.

Jumatatu, 6 Mei

Bwana Famau ameniita. Anataka mtu wa kumwandikia hesabu za duka kila alasiri baada ya shule. Shilingi moja kwa siku. Mwandiko wangu ni mzuri, asema, na safari hii fedha zitakuwa za mtu anayeziangalia. Siku arobaini na nne, saa itarudi mkononi pa Baba. Hakuna shaka, hakuna bahati, hakuna kichwa cha mtu yeyote.

Nikakubali. Nikaanza leo leo. Baba akasikia, akanitazama kwa muda, akasema vema.

Leo Mama amesema Baba anapima mapigo ya wagonjwa kwa kujihesabia mwenyewe kimoyomoyo, na mara mbili amepotea akaanza upya.

Siku arobaini na nne ni nyingi sana.

Jumamosi, 11 Mei

Nimefikiri sana wiki hii, nikiandika hesabu za wengine. Tatizo lilikuwa kofia. Kofia ina kipimo. Nilichohitaji ni kitu ambacho kila mtu anacho sawa na mwenzake, yaani mdomo.

Asubuhi nikamwomba Bwana Famau mshahara wa siku kumi mbele. Akanitazama juu ya miwani, akaniuliza ni wa nini. Nikasema ni wa saa. Ni kweli, kwa njia yake. Akanipa shilingi kumi.

Nikateremka gatini. Bwana Barka wa Chundwa alikuwa ameshusha mayai. Senti kumi kila moja. Mjini huuzwa kumi na tano. Nikanunua mia moja. Faida shilingi tano kwa siku moja! Kwa mwendo huo saa inarudi kabla mwezi huu haujaisha, na hesabu za duka naziacha. Nikayabeba kwa makapu mawili, nikitembea kama mwenye mguu mbovu. Hakuna hata moja lililovunjika. Nyumbani hapakuwa na mtu. Nikatafuta mahali penye baridi, nikayapanga yote chini ya kitanda cha Baba, safu kumi za kumi, nimeyafunika mkeka. Kisha nikatoka kutafuta wanunuzi. Nilipita mbele ya milango saba, sikubisha hata mmoja, nikarudi kujipa moyo.

Nimemkuta Baba amerudi kutoka zamu ya usiku na asubuhi. Amejitupa kitandani na viatu vyake. Kitanda chake ni cha kamba, nazo zimelegea tangu mwaka juzi, mtu akilala karibu ziguse sakafu. Amelala fofofo.

Nimekaa kizingitini. Sijainama kutazama. Nimechukua daftari nikaandika haya kwanza.